Mkorosho Mfupi Ungali Mchanga: Namna ya Kuupima Kabla ya Kuuchagua

Ukiingia kwenye shamba la majaribio lenye mikorosho ya miaka miwili, jicho lako litakimbilia mti mkubwa kuliko yote. Ndivyo tulivyolelewa: mche ulioshiba, wenye shina nene na majani mapana, ndio mche mzuri. Kwa mikorosho mifupi mazoea hayo yatakupoteza. Mti unaowaacha wenzake mbali katika miaka mitatu ya mwanzo mara nyingi ni ule uliorithi kimo cha mzazi mrefu, au uliobahatika kuangukia udongo mzuri. Wewe unatafuta mti mwingine kabisa: unaoanza kuzaa mapema, unaojaza korosho kwenye eneo dogo, na ambao utabaki mfupi hata ukizeeka. Mti huo ukiwa mchanga hauvutii. Bila vipimo utaupita bila kuuona.

Wabrazili walilijua hili mapema. Mikorosho yote asili yake ni kaskazini-mashariki mwa nchi yao. Hii mirefu tuliyoizoea ililetwa kwetu na Wareno katika karne ya 16. Ile mifupi ilianza kuchaguliwa kwa utaratibu mwaka 1965 katika kituo cha utafiti cha Pacajus, jimbo la Ceará, kwa kazi isiyo na mbwembwe: kupima mti mmoja mmoja, kuandika, kurudi mwaka unaofuata. Kloni mbili za kwanza, CCP 06 na CCP 76, zilitolewa kwa wakulima mwaka 1983, na mwaka 1987 zikafuata CCP 09 na CCP 1001. Ni miaka 18 ya daftari kabla ya mkulima kupewa mche. CCP 76 inayolimwa bila kumwagiliwa hufika takribani mita 2.7 kwa kimo na mita 5 kwa upana ikiwa na umri wa miaka sita. Linganisha na mkorosho wa babu yako kule Newala au Masasi, ambao mtu hupumzika chini yake na baiskeli, mzigo na wenzake wanne.

Damu hiyo fupi imeingia pia katika kazi ya kuzalisha mbegu bora inayofanywa na kituo cha Naliendele, Mtwara. Kwa hiyo leo bwana shamba, mwenye kitalu, au kikundi cha wakulima kinachotaka kupata miti mama ya kukata vikonyo vya kubebeshea kinaweza kujikuta kina mamia ya miche ya machotara mbele yake, mirefu kwa mifupi, na hakijui kianzie wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo.

Kabla hujashika tepu

Vipimo haviwezi kuokoa shamba lililopandwa ovyo. Kama miche yako inatokana na mbegu, kumbuka kwamba mkorosho huchavushwa na wadudu wanaotoka mti hadi mti, kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa peke yake. Hata ndugu wa mama mmoja hawafanani. Hapo huna nakala. Mti uko mmoja tu duniani. Dawa yake ni kupanda miti ya kulinganishia ndani ya kila mstari, mmoja baada ya kila kumi au kumi na tano, yote ikiwa kloni moja iliyobebeshwa na inayojulikana tabia yake. Miti hiyo inakuambia udongo unavyobadilika kutoka pembe hii ya shamba hadi ile. Pale inapostawi yote, jua kwamba ni ardhi inayosema.

Kama unapima kloni zilizobebeshwa, gawa shamba katika mafungu manne au zaidi, na kila fungu liwe na kila kloni, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Zingatia jambo moja ambalo wengi hulidharau: mashina ya kubebeshea yatoke kwenye mbegu za chanzo kimoja. Kikonyo cha mti mfupi kikiwekwa juu ya shina lenye nguvu nyingi kinaweza kunyanyuka kuliko asili yake, nawe ukadhani umepata aina mpya. Miche iwe ya umri mmoja, mashimo ya ukubwa mmoja, mbolea ya kiasi kimoja. Mche uliokufa ukapandwa mwingine miezi mitatu baadaye, uandike hivyo, na usiuingize kwenye hesabu.

Suala la udongo nalisisitiza kwa sababu liliwahi kunigharimu. Katika shamba moja nililosaidia kupima, mti mmoja uliwazidi wenzake wote kwa unene wa shina na kwa maua. Tulikata vikonyo vyake, tukabebesha miche mingi, tukasubiri. Watoto wake hawakuwa na lolote la pekee. Siku moja mzee wa jirani akatuambia kwamba mahali ule mti ulipo palikuwa na tanuri la mkaa, miaka kabla shamba halijapandwa. Majivu ndiyo yaliyokuwa yanazaa. Tangu siku hiyo, kabla ya kupima chochote, huzunguka na wenyeji nikiuliza: zizi lilikuwa wapi, kichuguu kilikuwa wapi, maji ya masika yanasimama wapi? Majibu nayachora kwenye ramani ya shamba. Nawe fanya hivyo kabla hujapima hata mti mmoja.

Shina, kimo na mwavuli

Vipimo vya mwili ni vitatu, na vyote vinahitaji vifaa ambavyo unavyo: tepu ya fundi cherehani, ufito mnyoofu wenye alama za sentimita, daftari, na kalamu ya risasi, maana ya wino hufutika umande ukigusa karatasi.

Shina lipimwe mzingo wake, sentimita 10 juu ya kiungo cha kubebeshea, au sentimita 15 kutoka ardhini kama mche ni wa mbegu. Weka alama ya rangi mahali hapo siku ya kwanza na urudie papo hapo kila mara. Ukishuka au kupanda kwa vidole vitatu tu, mti utaonekana umenenepa au umekonda bila sababu. Kati ya vipimo vyote vya mwili, hiki ndicho ninachokiamini zaidi, kwa kuwa hakitikiswi na upepo wala na chipukizi moja lililoruka juu.

Kimo kipimwe kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa, mti ukiwa umesimama kama ulivyo. Usiunyooshe tawi kwa mkono.

Mwavuli, yaani upana wa matawi, upimwe mara mbili: kaskazini hadi kusini, kisha mashariki hadi magharibi, halafu chukua wastani. Pwani yetu kusi huvuma miezi kadhaa mfululizo na kuusukuma mti mchanga upande mmoja, kwa hiyo kipimo kimoja kitakudanganya. Tofauti kati ya vipimo viwili ikizidi robo ya wastani, andika kwamba mti umelala. Ikiwa kloni ileile imelala katika mafungu yote, hiyo ni tabia yake na ni kasoro, kwani mti wa namna hiyo utahitaji nguzo na mkulima hana muda wa nguzo.

Sasa gawanya kimo kwa upana wa mwavuli. Mche mchanga huwa mrefu kuliko upana wake, kwa hiyo jibu litazidi 1. Kadiri mti mfupi unavyokua, namba hiyo inapaswa kushuka. Kwa CCP 76 ya miaka sita niliyoitaja inakuwa kama 0.54, mti mpana karibu mara mbili ya kimo chake. Mti wako ukifika miezi 30 na bado uko juu ya 1, una kimo cha ukoo mrefu ndani yake, hata kama leo ni mfupi kuliko wewe.

Pima lini? Mkorosho haukui kila siku kwa kasi moja. Huchipua, hutulia, huchipua tena. Ukiupima huu siku ya michipuo mipya na ule ukiwa umetulia, unalinganisha vitu visivyolingana. Ngoja michipuo ikomae, majani yaache wekundu na kukakamaa, ndipo upime shamba zima ndani ya siku mbili au tatu. Kila miezi sita yatosha: miezi 6, 12, 18, 24, 30 na 36. Kwa mikoa ya kusini, ambako tunapanda mvua za Desemba na Januari zikishika, hiyo ina maana kipimo kimoja baada ya mvua na kingine ukame unapoisha. Mti unaojitahidi kukua hata ukame ukiwa mkali una mizizi iliyokwenda chini mapema, na unastahili alama ya ziada.

Soma matawi kama unavyosoma uso

Hapa ndipo penye siri ya mkorosho mfupi, na naomba usipite haraka.

Matawi ya mkorosho hukua kwa namna mbili. La kwanza hurefuka sentimita 25 hadi 30 na kuishia kwenye kichala cha maua. Papo hapo machipukizi matatu hadi manane huchomoza chini ya ncha yake, na mengine kati ya hayo nayo humalizikia kwenye maua. Matokeo yake ni kichaka kilichojaa, chenye maua pande zote za nje. Namna ya pili ni tawi linalorefuka sentimita 20 hadi 30, likapumzika bila ua, kisha chipukizi likatokea sentimita 5 hadi 8 nyuma ya ncha na kuendeleza safari. Hurudia hivyo miaka miwili au mitatu bila kuzaa. Mti wenye matawi mengi ya namna hii hutambaa, hutanuka, humeza nafasi ya jirani, na ndani yake kuna mbao tupu.

Kila mti una namna zote mbili. Kinachotofautisha miti ni uwiano, na uwiano huo huonekana mapema, tangu mwaka wa pili. Chagua matawi 20 kwenye kila mti, matano kila upande, bila kupendelea. Hesabu mangapi yameishia kwenye kichala au yametoa machipukizi matatu na kuendelea. Mti wenye 14 kati ya 20 na ule wenye 6 kati ya 20 si ndugu, hata kama vimo vyao vinalingana. Ningelazimishwa kubaki na kipimo kimoja tu, ningebaki na hiki.

Angalia pia umbali wa vifundo. Kwenye tawi lililokomaa, pima sentimita 20 kutoka ncha na uhesabu makovu ya majani na majani yaliyopo. Vifundo vikiwa karibukaribu ni dalili ya ufupi wa kurithi. Mti uliodumaa kwa njaa au kwa wadudu nao huwa na vifundo vya karibu, ila majani yake ni madogo na yamepauka, na shina ni jembamba kuliko la wenzake. Ufupi wa afya huja na shina nene. Hayo mawili yasikuchanganye.

Mwisho tazama pembe. Tawi linalotoka kwenye shina kwa pembe pana litabeba mabibo na korosho bila kupasuka. Tawi lililobana na shina kama vidole viwili huchanika siku ya upepo na mzigo. Hili halihitaji tepu. Andika tu: pana, kiasi, au finyu.

Maua ya kwanza

Mkorosho mfupi unaweza kutoa maua ukiwa na miezi 6 hadi 18 shambani, ilhali ule mrefu hukuweka miaka mitatu hadi mitano. Andika tarehe ya kichala cha kwanza cha kila mti. Kisha, kwa mwaka wa kwanza, kipogoe. Najua inauma kuondoa ua ambalo mtu amelisubiri, lakini mche wa goti kwenda kiunoni ukiachwa uzae hubaki umechoka, na vipimo vyako vya mwaka wa pili vitakuwa vipimo vya uchovu. Muhimu ni kuwa na haki: ukipogoa kwa mmoja, pogoa kwa yote.

Kuanzia mwaka wa pili iache miti izae. Kichala kimoja cha mkorosho kina maua dume mengi na maua ya jinsi mbili machache, na hayo machache ndiyo yenye korosho. Funga utepe kwenye vichala vinne kila mti, uhesabu maua ya jinsi mbili yanayofunguka, kisha korosho zilizoshika, kisha zilizofika kukomaa. Hali ya hewa hubadili hesabu hii sana, hivyo linganisha tu miti iliyochanua wiki ileile. Korosho zikianguka, zipime uzito zikiwa zimekauka na uzitumbukize kwenye maji. Zinazoelea ni tupu au zina kiini chepesi, na mti unaotoa nyingi za namna hiyo usikushawishi kwa wingi wa debe.

Sasa hesabu

Zidisha wastani wa upana wa mwavuli kwa wenyewe, kisha kwa 0.785, unapata eneo linalofunikwa na mti kwa mita za mraba. Chukua mfano wa miti miwili ya miaka mitatu. Wa kwanza una mwavuli wa mita 3.6 na umetoa kilo 2.5 za korosho ghafi. Wa pili una mita 2.4 na umetoa kilo 1.6. Mbele ya macho wa kwanza ndio mshindi. Lakini eneo la wa kwanza ni mita za mraba 10.2, na kila mita imetoa gramu 246. Eneo la wa pili ni 4.5, na kila mita imetoa gramu 354. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 unapanda miti 204 kwa hekta. Mikorosho mirefu ya mita 12 kwa 12 inaingia 69 tu. Faida ya ufupi yote imekaa hapo, katika mita ya mraba, na anayechagua kwa kilo za mti mmoja anaitupa.

Hesabu ya pili ni ya haki kati ya fungu na fungu. Tuseme mti wenye mzingo wa sentimita 24 uko kwenye fungu ambalo wastani wake ni 25, na mwingine wa sentimita 21 uko kwenye fungu lenye wastani wa 18. Wa kwanza ni asilimia 96 ya wenzake, wa pili ni asilimia 117. Wa pili ndio uliofanya kazi. Kila kipimo, kabla hujakipanga kwenye orodha, kigeuze kuwa asilimia ya wastani wa fungu lake, au ya miti ya kulinganishia iliyo jirani.

Magonjwa yaandikwe pembeni ya namba hizi, kwenye ukurasa uleule. Ubwiri unga uligunduliwa nchini Tanzania mwaka 1979, na ulikuwa miongoni mwa sababu za mavuno ya taifa kuanguka kutoka kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Huwezi kuchagua mti mama kwa mikoa yetu bila kuujaribu kwa ubwiri unga. Ukiwa na mafungu manne, acha moja bila kunyunyizia salfa, na kila wiki wakati wa michipuo na maua toa alama 0 hadi 5 kwa unga unaouona. Fanya vivyo hivyo kwa madoa ya blaiti, na kwa majeraha meusi ya mbu wa mikorosho kwenye machipukizi laini. Mti mfupi huweka maua karibu na ardhi, penye umande unaochelewa kukauka, kwa hiyo nakushauri usitosheke kuangalia ncha za juu. Inama uangalie chini.

Uamuzi wa miezi 36

Ukuaji wa mapema unafaa zaidi kuondoa kuliko kutawaza. Mti uliolala, wenye pembe finyu, matawi ya kutambaa na maua yaliyooza kwa ubwiri unga hautageuka ukifika miaka kumi. Huo uondoe kwenye orodha bila huruma. Lakini mti uliofanya vizuri hadi miezi 36 umepata tu ruhusa ya kupimwa tena. Kwa shamba la miche 400 ya mbegu, nisingependa uvuke na zaidi ya 20. Na usikate ile 380 mwaka huo. Acha mizunguko miwili zaidi ya mavuno ipite, kwani nimeona miti iliyoanza polepole ikapanda orodha mwaka wa nne na wa tano, na mti uliokatwa haurudi.

Hiyo 20 sasa uifanye kloni. Chagua vikonyo kwenye matawi ya nje yanayopata jua, yaliyokomaa lakini bado hayajachanua, unene wa kalamu. Siku saba hadi kumi kabla ya kukata, punguza majani kwenye tawi likiwa bado mtini ukibakiza vikonyo vya majani, ili chipukizi la ncha lijae. Kata asubuhi, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, bebesha siku hiyohiyo ukiweza. Vibebeshe kwenye mashina ya chanzo kimoja, angalau miche 20 kwa kila mti, na uipande katika mafungu mapya mahali pawili palipotofautiana, mathalani kichanga cha pwani na udongo mwekundu wa bara. Namba ya mti mama iandike mara mbili: kwenye kibao kinachofungwa mcheni, na kwenye daftari linalolala nyumbani.